Greensted: Kanisa la magogo lililopunguziwa umri

KATIKA kijiji cha Greensted, karibu na mji mdogo wa Chipping Ongar, kaunti ya Essex nchini Uingereza, lipo kanisa dogo la Kianglikana la Mtakatifu Andrea. Huhesabiwa kuwa kanisa kongwe zaidi la mbao duniani ambalo bado limesimama.

Upekee wake umo katika kuta za ukumbi wa waumini. Mafundi walipasua magogo ya mwaloni katikati, wakayasimamisha wima yakibanana mfano wa ua wa boma. Upande wa mviringo ukaelekea nje na ule bapa ndani. Vipande vyembamba vya mbao vilipachikwa baina ya magogo ili kuziba mianya.

Sehemu ya madhabahu ilijengwa kwa matofali yapata mwaka 1500. Mnara wa mbao uliopakwa rangi nyeupe una kengele yenye tarehe ya 1618. Katika ukarabati ulioanza 1848, ncha za chini za magogo zilizokuwa zimeoza zilikatwa, na kuta zikakalishwa juu ya msingi wa matofali.

Kwa muda mrefu ilisadikiwa kuwa kuta hizo zilisimamishwa mwaka 845. Uchunguzi wa pete za ukuaji wa miti, uliofanywa miaka ya 1990, ulibaini kuwa miti hiyo ilikatwa kati ya 1063 na 1108. Kanisa likapunguziwa zaidi ya karne mbili. Hata hivyo, uchimbuaji wa mwaka 1960 ulikuwa umefichua, chini ya sakafu ya madhabahu, mabaki ya majengo mawili ya mbao yaliyotangulia.

Historia yake yagusa pia haki za wafanyakazi. Mwaka 1834, vibarua sita wa mashambani kutoka Tolpuddle, Dorset, walihukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka saba kwa kula kiapo cha chama chao cha kutetea ujira. Umma ulilalamika, wakasamehewa 1836. Waliporejea, baadhi yao walipewa mashamba ya kukodi Greensted, na mwaka 1839 mmoja wao, James Brine, alifunga ndoa katika kanisa hili na Elizabeth Standfield, binti ya mfungwa mwenzake. Baadaye watano kati ya sita hao walihamia Kanada.

Ibada ingali ikiendeshwa baina ya kuta zile zile za magogo.