Njia ya Kibali: Maadili ya Utafiti Usukumani, kutoka Cory hadi Chuo Kikuu

Mwaka 1946 jarida la Africa, linalochapishwa Uingereza, lilitoa makala ya Hans Cory kuhusu Buyeye, chama cha waganga na wacheza nyoka wa Usukumani. Kichwa cha makala hiyo kilikiita chama hicho, bila kificho, chama cha siri. Miaka saba baadaye, yaani mwaka 1953, Cory alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro iliyopamba kuta za ndani za nyumba za Bayeye, nyumba ambazo mtu asiyekuwa mwanachama hakupaswa kuziingia. Hivyo kilichochorwa gizani kwa ajili ya wachache kikawa kinauzwa madukani London.

Cory si mtu wa kubezwa. Alizaliwa Vienna mwaka 1889 kwa jina la Hans Koritschoner, akaishi Tanganyika kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na hatimaye akawa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni hadi miaka ya mwisho ya utawala huo. Alifariki mwaka 1962. Majalada yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hakuna mtafiti makini wa Usukuma anayeweza kuyapita. Mengi aliyoyaandika yasingepatikana tena leo. Lakini umuhimu wa hazina hiyo haujibu swali la namna ilivyopatikana, wala la nani alikuwa na haki ya kuitoa nje.

Itakumbukwa kwamba Buyeye, kama vyama vingine vya Kisukuma, ulikuwa na utaratibu wake wa kulinda maarifa. Aliyetaka kuingia alikuwa na mkufunzi wake, alitoa ada, alifundishwa hatua kwa hatua, na alikula kiapo. Dawa ya kinga, lukago, haikutolewa kwa kila aliyeuliza. Kwa maneno mengine, idhini, ngazi za ujuzi, wajibu wa mwanafunzi kwa mwalimu wake na adhabu ya msaliti vilikuwapo Usukumani kabla ya kamati yoyote ya maadili ya chuo kikuu kuundwa. Wanaosema kuwa maadili ya utafiti ni bidhaa ya kuagizwa kutoka Ulaya wanasahau jambo hili. Walichokosa Bayeye si kanuni, bali uwezo wa kuifuata kanuni yao hadi kwenye kiwanda cha uchapaji.

Upande wa pili wa kazi ya Cory ulikuwa na athari nzito zaidi. Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake cha sheria na mila za Wasukuma, na mwaka 1954 Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere, ilichapisha andiko lake kuhusu mfumo wa asili wa utawala wa Wasukuma pamoja na mapendekezo ya kuubadili. Kwa hiyo kitabu kimoja kilikuwa na elimu ya wenyeji na ushauri kwa mtawala wao. Zaidi ya hayo, mwaka 1954 ndio mwaka ambao chama kipya cha TANU kilipigwa marufuku Usukumani, wakati wakulima wakipinga amri za kupunguza mifugo na kanuni za kilimo. Mzee wa Ntuzu au Itilima, sehemu zilizokuwa wakati huo katika wilaya ya Maswa, alipoulizwa namna mtemi anavyochaguliwa, hakuwa na njia ya kutenganisha mgeni anayetaka kujua na serikali inayotaka kutawala. Mwulizaji alikuwa mtu mmoja.

Mila zenyewe zilikusanywa kwa kiasi kikubwa katika vikao vya watemi na wazee. Katika vikao vya namna hiyo husemwa lile linalokubaliwa na wakubwa, na wakubwa walikuwa wanaume. Maneno ya kikao yana tabia ya kubadilika: mwaka huu huamuliwa hivi, mwaka ujao huonekana kwamba mjane fulani anastahili zaidi, na mila hujikunja. Yakishaandikwa hukauka. Baada ya uhuru, kazi ya kuoanisha sheria za kimila, ambayo Cory alishiriki kuianzisha, ilizaa matamko ya mwaka 1963. Miongo minne baadaye wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, waliokuwa wameolewa kwa mila ya Kisukuma na kuondolewa katika nyumba zao baada ya waume kufariki, walipinga kanuni hizo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzitengua. Rufaa yao ilikataliwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Haitakuwa haki kumbebesha mtafiti mmoja mzigo wote huo. Wabunge, mahakimu na ndugu wa marehemu wote wana sehemu yao. Hata hivyo, njia inayotoka kwenye daftari la uwandani hadi kwenye mlango wa mjane si ndefu kama wanataaluma wanavyopenda kuamini.

Chuo kikuu kilirithi majalada haya, na pamoja nayo kikarithi pia njia ya kuingilia kijijini. Kwa waraka wa serikali wa Julai 1980, Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipewa mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa wanataaluma na wanafunzi wake. Watafiti wengine hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utaratibu huu ni mzuri kwa maana ya kuzuia wababaishaji. Tatizo lake ni mwelekeo. Barua hutoka chuoni ikaenda mkoani, ikateremka wilayani, ikafika katani, ikaishia kwa mtendaji wa kijiji. Mtafiti anapoketi chini ya mti katika kijiji cha Bariadi, mtendaji ameketi pembeni yake, naye ndiye anayefahamu nani amelipa mchango wa shule na nani hajalipa. Bibi kizee anaombwa idhini. Atakataaje? Fomu inasema yuko huru kukataa, lakini mpangilio wa viti unasema vingine. Mtafiti akisema kwamba watu wa Simiyu ni wakarimu, huenda amesema kweli. Huenda pia ameona utii akauita ukarimu.

Zimekuwapo juhudi za kugeuza mwelekeo huo. Mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 katika wilaya ya Bagamoyo kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, ambamo Marja-Liisa Swantz alikuwa miongoni mwa viongozi, ulijaribu kuwafanya wanakijiji kuwa washiriki wa utafiti, si visima vya kuchotwa taarifa. Matokeo yalijadiliwa na wenyeji kabla ya kuwa mali ya wasomi. Njia hiyo ni ya polepole na ni ghali, na vyuo vikuu vinavyopandisha watu vyeo kwa idadi ya machapisho havijawahi kuipenda sana.

Katika isimu, kazi kubwa ya pamoja ilikuwa Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 kwa ufadhili wa Sweden. Matunda yake ni pamoja na misamiati, sarufi, na Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009. Kwa nchi ambayo sensa yake haijauliza kabila tangu mwaka 1967, kuhesabu wasemaji wa lugha lilikuwa jambo la kuhitaji ujasiri na busara kwa pamoja. Atlasi inakitaja Kisukuma kuwa lugha ya jamii yenye wasemaji wengi kuliko zote. Haiutaji mkoa wa Simiyu, kwa kuwa mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Bariadi imo chini ya Shinyanga.

Lakini jina "Kisukuma" lenyewe linaficha jambo. Wasemaji wa upande wa magharibi, kuelekea Mwanza, husema Kimunasukuma. Wa Bariadi husema Ginantuzu. Wa kusini mashariki husema Jinakiiya. Kiambishi cha mwanzo peke yake, ki-, gi- na ji-, kinatosha kumwonyesha mwanaisimu kwamba hawa si watu wa kuwekwa kapu moja bila maelezo. Kundi la utafiti linalomhoji mzee mmoja wa Ntuzu kisha likaandika "katika Kisukuma" limekosea kitaalamu. Limemkosea pia mzee huyo, maana limemfanya asemee watu ambao hakuwahi kudai kuwasemea.

Jambo hili hutokea kwa urahisi zaidi katika kundi kuliko kwa mtafiti wa peke yake. Profesa huandika andiko la kuomba fedha, mwanafunzi wa uzamili husafiri kwa basi hadi Bariadi, kijana wa kijijini hutafsiri, bibi husema. Kila mmoja humwachia mwenzake wajibu wa kueleza kanda itakwenda wapi. Kitabu kinapotoka, jalada lina majina mawili, mwanafunzi yumo katika shukrani, kijana ni "msaidizi wetu", na bibi ni "mtoataarifa namba 7". Kuficha jina kunaweza kuwa ulinzi, hasa katika masuala ya uchawi, ambayo Usukumani yamegharimu maisha ya vikongwe wengi. Katika utungo au maana ya neno, kuficha jina ni kumnyang'anya mtu kazi yake. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 chenye zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma, aliwatambua waimbaji kwa majina, naye hakupungukiwa na usomi kwa hilo.

Sheria imesaidia kidogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua sanaa za jadi, lakini mamlaka ya kutoa idhini iliyaweka katika chombo cha serikali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu mmoja mmoja. Siri ya chama haina jina wala namba ya simu. Wapo wanaopendekeza idhini ya jamii iombwe katika dagashida, baraza la wanajamii ambalo Wasukuma wamelitumia hata kulinda ngitili, yaani maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa. Pendekezo hilo lina uzito, ingawa dagashida nalo ni baraza ambalo kwa desturi sauti za wanaume ndizo zilizotawala, na mtafiti asiyeangalia atajikuta amerudi katika kikao kile kile cha Cory.

Bayeye wenyewe hawakungoja. Katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, wacheza nyoka hutoka na chatu mbele ya umati, na yeyote mwenye kamera hupiga picha. Hiyo ni sehemu waliyoamua ionekane. Akiulizwa juu ya lukago, mchezaji humtaka mwulizaji aje nyumbani kwa mkufunzi, alipe ada, aanze mwanzo.