Bia nyeupe ya Ubelgiji, kimea na maziwa ya mama (Sehemu ya 4)

Tunaendelea na zile posti za historia ya vitu tunavyokutana navyo jikoni na kwenye kabati la dawa. Leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama unanyonyesha, kaa vizuri, weka mto chini ya mkono, tusome wote.

Dada mmoja anayeishi Ulaya ameniandikia inboksi. Ana mtoto wa wiki sita. Mumewe amenunua boksi la kutengenezea bia nyumbani, ile bia ya ngano ya Kibelgiji. Mama mkwe kamwambia, "Mwanangu, hiyo we kunywa tu, ni ngano na shayiri, itakuletea maziwa." Anauliza ni kweli au ni maneno ya wazee.

Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu nikaona haitoshi, maana mama mkwe hakubuni. Wazungu wenyewe, madaktari wakiwemo, waliamini hivyo kwa miaka mingi sana. Na kuna kipande cha ukweli ndani yake. Sasa shida ni kujua kipande hicho kiko wapi.

Bia yenyewe kwanza. Kwenye boksi utakuta neno witbier, yaani bia nyeupe. Kwao ni kijiji cha Hoegaarden, mashariki ya Brussels, sehemu ya Ubelgiji inayolima ngano. Kwa nini nyeupe? Kwa sababu sehemu kubwa ya nafaka yake ni ngano mbichi, haijaoteshwa, inachanganywa na kimea cha shayiri. Protini ya ngano pamoja na hamira inayoelea vinaifanya iwe na ukungu, ukiimimina inafanana na maji ya mchele. Halafu wanatia mbegu za giligilani na maganda makavu ya chungwa chungu, lile ambalo watu wa pwani tunaliita danzi. Maganda hayo yalifika kule kupitia biashara ya meli za Waholanzi. Zamani kijiji hicho kidogo kilikuwa na viwanda vya bia zaidi ya 30, vingine vikubwa kidogo kuliko jiko la mama ntilie.

Na watoto walikunywa bia. Msishtuke. Ubelgiji walikuwa na bia ya mezani, nyepesi mno, kilevi chake kama asilimia 1 au 2 hivi, familia nzima inakunywa na chakula. Hata shuleni watoto walipewa wakati wa chakula cha mchana, na desturi hiyo ilifika mpaka miaka ya 1970. Jirani zao Ufaransa walikuwa wakiwapa watoto mvinyo shuleni, na ni mwaka 1956 tu ndipo serikali ilipokataza kuwapa pombe wanafunzi walio chini ya miaka 14.

Watu wanapenda kusema zamani Ulaya hakuna aliyekunywa maji. Hilo limetiwa chumvi, maji walikunywa, wenye kisima kizuri walikunywa bila wasiwasi. Ila penye maji machafu, bia ilikuwa na nafuu. Nafaka imechemshwa, kuna hopsi, kuna uchachu, kuna kilevi kidogo. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havipendi mazingira hayo. Tuliosoma afya ya jamii tunamkumbuka John Snow, yule daktari wa London wa mwaka 1854 na bomba la maji la Broad Street. Basi jirani na bomba lile palikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Watu mtaa mzima wanakufa na kipindupindu, wao hakuna aliyekufa. Snow alipokwenda kuuliza, akaambiwa wanaume wale wanapewa bia kazini, na kiwanda kina kisima chake. Maji ya bomba lile hawakuyagusa.

Kwa hiyo bibi wa enzi zile akimpa mzazi bia nyepesi badala ya maji ya mtoni, alikuwa na akili zake. Alichokuwa anampa ni maji yaliyochemshwa.

Sasa njoo kwenye nafaka, hapa ndipo ninapopapenda mimi.

Kimea mnakijua. Unaloweka ulezi au mtama, unauacha uchipue, unaukausha, unausaga. Nafaka inapochipua inatoa vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Mpika pombe anavihitaji ili hamira ipate sukari ya kula. Mama anavihitaji kwa jambo jingine kabisa: ukitia kijiko cha unga wa kimea kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji unalegea palepale bila kuongeza maji. Mtoto mwenye tumbo dogo anapata chakula kingi kwenye vijiko vichache. Watafiti wa hapa Tanzania waliufanyia kazi uji huo miaka ya 1980, na mpaka leo nawaelekeza akina mama kliniki. (Uchemshe tena kidogo kabla ya kumlisha, tafadhali, nafaka inayochipua inakaribisha bakteria.)

Wazungu nao walipita njia hiyohiyo. Miaka ya 1860 mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, alitengeneza chakula cha watoto wachanga waliokosa maziwa ya mama. Kulikuwa na nini ndani? Maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano na unga wa kimea. Ngano na kimea, vitu vilevile vya bia ya Hoegaarden! Mwaka 1873 ndugu wawili kutoka Uingereza, James na William Horlick, wakafungua kampuni Chicago ya chakula cha watoto cha kimea. Ndiyo hiyo Horlicks uliyoinywa kwa shangazi. Na Waingereza walilisha watoto dhaifu rojo la kimea lililochanganywa na mafuta ya samaki.

Unaona mchanganyiko ulipoanzia. Kimea kilikuwa dawa ya mtoto, kilikuwa chakula, kilikuwa bia, na wauzaji hawakuwa na haraka ya kuvitenganisha. Marekani, kiwanda cha Anheuser-Busch kiliuza kinywaji kinaitwa Malt-Nutrine, chenye kilevi kidogo, kikitangazwa kwa wagonjwa na akina mama wanaonyonyesha. Mama alisoma tangazo, daktari akaitikia, bibi akamwambia mjukuu. Ndivyo ilivyomfikia mama mkwe wa dada yetu.

Turudi Hoegaarden. Bia nyepesi za wajerumani zilizong'aa kama kioo ziliteka soko, viwanda vya bia nyeupe vikafa kimoja kimoja. Cha mwisho, Tomsin, kilifungwa mwaka 1957. Aliyeifufua ni Pierre Celis, na kazi yake ilikuwa kuuza maziwa! Alikulia jirani na kiwanda kile na ujanani aliwahi kufanya kazi mle, hivyo alikumbuka walivyokuwa wakipika. Mwaka 1966 akaanza kuuza bia yake. Mwaka 1985 kiwanda chake kiliungua, bima haikutosha, kampuni kubwa ikaingia na pesa, na baadaye akawaachia akaenda kuanza upya Texas. Alifariki 2011. Bila mzee huyo, boksi la mume wa dada lisingekuwepo.

Lakini bia aliyoifufua si ile ya mezani ya watoto. Hoegaarden ya leo ina kilevi asilimia 4.9, na boksi nyingi za nyumbani zinafika hapohapo au zinapita. Tena miaka miwili tu baada ya Celis kuanza kuuza, mwaka 1968, daktari wa watoto wa Nantes, Ufaransa, Paul Lemoine, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi: wadogo kuliko umri wao, sura zinafanana, akili zimechelewa. Watu hawakumsikiliza sana. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle wakaandika jambo lilelile wakalipa jina, ndipo dunia ikaamka. Mjamzito asinywe kabisa, hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Boksi lenyewe je? Uingereza waliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963, Marekani sheria ilipita 1978, biashara ya makopo ikashika kasi. Ndani kuna rojo zito la kimea lililokwishatiwa hopsi, mtoto wa lile la mafuta ya samaki, na pakiti ya hamira. Unayeyusha rojo kwa maji ya moto, unaongeza maji mpaka kama lita 23, unatia hamira, unafunika ndoo kwa kifuniko chenye njia ya kutolea gesi. Wiki moja au mbili inachacha, kisha unaweka kwenye chupa na sukari kidogo ipate povu. Kila chombo kinaoshwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu, kama unavyohangaika na kikombe cha mtoto. Shemeji aelewe jambo moja: akiweka kwenye chupa kabla haijamaliza kuchacha, au akizidisha sukari, chupa zinapasuka kama bomu. Zisikae karibu na mtoto anayetambaa.

Haya, maziwa. Tafiti za miaka ya 1980 zilikuta bia inapandisha prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na inaonekana kazi hiyo ni ya kitu kilicho kwenye shayiri, kwa sababu hata bia isiyo na kilevi ilifanya hivyo. Hicho ndicho kipande cha ukweli cha mama mkwe. Kilevi chenyewe kinavuta upande wa pili: kinazuia oksitosini, ile inayoshusha maziwa. Mwaka 1991 Julie Mennella na Gary Beauchamp walionyesha kwamba mama akinywa pombe, mtoto ananyonya mara nyingi zaidi mwanzoni lakini anapata maziwa machache. Mama anaona mtoto kang'ang'ania titi, anadhani yamejaa. Kumbe.

Dada, kwa hiyo jibu langu ni hili. Usinywe kama dawa ya maziwa, haifanyi kazi hiyo, na kutokunywa kabisa ndiyo salama zaidi. Ukiamua siku moja kuonja kazi ya mumeo, chupa moja ndogo ya mililita 330, mnyonyeshe mtoto kwanza, kisha subiri saa 2 au zaidi. Kukamua na kumwaga hakuharakishi, kilevi kinatoka kwenye maziwa kadiri kinavyotoka kwenye damu. Na usiku huo mtoto asilale kitanda kimoja na yeyote aliyekunywa, baba akiwemo. Mama mkwe mwambie akupikie mtori au uji wa ulezi, na mtoto anyonye mara nyingi mchana na usiku, hiyo ndiyo inayoita maziwa.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu maji ya watoto ya tumbo, yale tunayoyaita gripe water. Yalianza Uingereza mwaka 1851, na kwa miaka mingi yalikuwa na kilevi ndani. Kama bibi yako alikupa, niandikie hapa chini alikupa kwa kijiko kipi.