Jeshi au uraiani? Swali ambalo Goma bado inaulizwa

Mwaka 2005, mpiganaji wa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, aliyekubali kutoka msituni alisimama mbele ya meza ya maofisa, akaulizwa swali moja: unataka jeshi au uraiani? Aliyechagua jeshi alipelekwa kwenye brasaji, ambako watu wa makundi yaliyokuwa yakiuana jana walichanganywa wawe jeshi moja la taifa, FARDC. Aliyechagua uraiani alipewa dola 110 za kuondokea, kisha akaahidiwa dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kuanzia hapo aliitwa demobilize, na jina hilo lilimfuata hata alipokuwa fundi cherehani, seremala au dereva wa pikipiki.

Swali lile lilitokana na vita vilivyoanza Agosti 1998, ambapo Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, ilikuwa makao makuu ya waasi wa RCD. Mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002 yalizaa serikali ya mpito katikati ya 2003, na mwishoni mwa mwaka huo ikaundwa CONADER, tume ya kupokea silaha na kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kawaida. Benki ya Dunia ilisaidia kuigharimia. Watu wazima wapatao 102,000 waliondolewa jeshini na katika makundi, pamoja na watoto zaidi ya 30,000, wale ambao Kongo imewaita kadogo tangu vita vya 1996. Sehemu ya malipo ya kila mwezi ilipitia simu za mkononi kwa mfumo wa Celpay, kabla Kenya haijaizindua M-Pesa mwaka 2007.

Ilikuwa kazi kubwa, na waliookolewa walikuwa watu halisi. Lakini dola 25 zilitosha kumshikilia mtu asianguke, hazikutosha kumsimamisha. Kijana aliyefunzwa useremala alirudi kijijini ambako barabara imekufa na mnunuzi hana fedha. Aliyetaka kulima alirudi Masisi, ambako ardhi nzuri iko ndani ya mashamba makubwa ya mifugo na mipaka yake ndiyo iliyowasha ugomvi tangu mwanzo. Wasichana wengi hawakuifikia hata ile meza: walihesabiwa kuwa wake za wapiganaji, wakaachwa nje ya orodha, ingawa walibeba mizigo, walipika, na wengine walishika bunduki.

Wakati huohuo mlango wa pili, ule wa jeshi, ulikuwa ukifundisha somo jingine. Januari 2008 makundi yenye silaha yaliitwa Goma kwenye mkutano mkubwa wa amani, yakatia saini ahadi za kusitisha vita. Kabla mwaka haujaisha mapigano yalirudi. Tarehe 23 Machi 2009, hapahapa Goma, waasi wa CNDP walitia saini mapatano na serikali, wapiganaji wao wakaingizwa FARDC na makamanda wao wakapewa vyeo. Miaka mitatu baadaye sehemu yao iliasi, ikachukua tarehe ile kuwa jina lake: M23. Novemba 2012 waliiteka Goma na kuikalia kwa siku chache.

Kila kijana aliliona hilo. Fundi cherehani alisubiri mteja siku nzima. Aliyerudi msituni alirejea mjini akiwa meja. Nasema bila kuwalaumu vijana: hakuna mafunzo ya wiki chache yanayoweza kushindana na mfano wa namna hiyo. Bunduki ilikuwa imekuwa cheti cha kuombea kazi.

Mwishoni mwa 2013, M23 iliposhindwa, wapiganaji wa makundi mengine walishuka kwa wingi kujisalimisha, na wengi walikusanywa Bweremana, kando ya Ziwa Kivu. Saa ilikuwa njema. Badala ya kuandaliwa kazi karibu na kwao, wengi walihamishiwa kambi za mbali: Kitona, Kamina na Kotakoli. Huko Kotakoli, katika kundi lililotangulia kupelekwa Septemba 2013, zaidi ya watu 100, wapiganaji wa zamani pamoja na wake na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa. Human Rights Watch ililitangaza jambo hilo mwaka 2014. Habari ya namna hiyo hufika msituni haraka kuliko kipeperushi chochote kinachomwomba mpiganaji aweke silaha chini.

Julai 2021 serikali ilianzisha programu mpya, P-DDRCS, yenye wazo ambalo Goma ilikuwa imelidai kwa muda mrefu: mpiganaji arudi kwenye jamii yake, kazi zinazoanzishwa ziwafae yeye na majirani aliowaumiza, na mlango wa kuingia jeshini kwa mkupuo ufungwe. Lakini miezi michache baadaye M23 walirudi vitani, na vijana walewale waliokuwa wakiombwa kuweka silaha chini wakaitwa Wazalendo na kuombwa kuzibeba. Mwaka 2023 sheria ya jeshi la akiba ikawapa nafasi rasmi. Januari 2025 Goma ikaanguka tena mikononi mwa M23.

Katika historia yote hii, mlango wa jeshi ulikuwa na kitu nyuma yake: cheo, sare, wenzako. Mlango wa uraiani ulikuwa na ahadi ya mwaka mmoja. Aliyeuchagua na kudumu humo, akiendesha pikipiki kutoka mtaa wa Birere hadi Majengo au akisukuma chukudu la mbao lililojaa viazi, alibaki kwa nguvu zake na kwa huruma ya majirani waliokubali kumpa kazi. Siku meza ile itakapowekwa tena, wenye kuiweka watangulie kutengeneza barabara ya kijiji na kumaliza kesi ya shamba, ndipo waulize swali.