Kiti cha Ntemi Ndani ya Kanisa la Bujora

Ukitoka Shinyanga kwenda Mwanza, pale Usagara barabara zinagawanyika. Kushoto ni njia ya Kigongo, ambako tangu Juni 2025 magari ya Sengerema na Geita yanapita juu ya daraja la kilomita 3 badala ya kungoja kivuko. Kulia unachepuka kwenda Kisesa. Bukumbi iko upande wa kwanza, Bujora upande wa pili, na kati yake kuna miaka kama 70 ya historia ya Kanisa Usukumani.

Bukumbi ilitokana na kurudi nyuma. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walianzishwa na Kardinali Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza ulishuka pwani yetu mwaka 1878, na kabla mwaka haujaisha ulikuwa umefika kusini mwa Ziwa Victoria. Shabaha yao ilikuwa Buganda. Walifika huko 1879, lakini mwishoni mwa 1882 hali ikawa ngumu, wakavuka ziwa kurudi kusini. Mwaka 1883 wakafungua kituo Bukumbi.

Miaka michache baadaye mlango wa kituo hicho uligongwa na mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ambaye mwaka 1886 aliwaua Wakristo wa nchi yake tunaowaita leo Mashahidi wa Uganda, alipinduliwa mwaka 1888. Akakimbilia kusini mwa ziwa, akakaa Magu, kisha akaenda Bukumbi. Mapadre wakampokea. Kila ninapopita njia ya Kigongo hukumbuka jambo hilo kwanza, kabla ya jengo lolote.

Majengo ya mapadre hao yalifuata desturi ya kwao. Kanisa la misheni kwa kawaida lilikuwa refu, lenye pembe nne, altare mbali mbele. Ni umbo la zamani sana huko Ulaya. Kwa mfano, katika Uingereza ya enzi za kati, kanisa la parokia lilikuwa na ukumbi wa waumini, na patakatifu pa padre upande wa mashariki. Tangu karne ya 13 desturi ilikuwa kwamba mwenye parokia atunze patakatifu, na wanakijiji watunze ukumbi. Paa likivuja juu ya vichwa vyao, wao ndio waliochanga. Kwao jengo lile lilikuwa la nyumbani: mawe ya hapohapo, mafundi wa hapohapo, makaburi ya babu zao uani.

Kwa Msukuma halikuwa hivyo. Alitoka kwenye msonge, nyumba isiyo na pembe, akaingia jengo la mgeni. Mara nyingi aliambiwa pia aache ngoma nje.

Katika miaka ya 1950, padre mmoja wa shirika hilohilo la Mapadre Weupe alianza kazi Bujora, juu ya mawe ya Kisesa. Ni David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungulia lugha na desturi za watu mlango wa ibada, ulikuwa bado (ulifanyika 1962 hadi 1965). Alikaa na wazee Wasukuma, wakakusanya mila, nyimbo na vifaa.

Kanisa la Bujora ni la duara, kwa mfano wa msonge. Altare yake imefuata umbo la kiti cha enzi cha ntemi, yaani chifu wa Kisukuma, na tabernakulo ni nyumba ya Kisukuma iliyofanywa ndogo. Wapo wanaosema hayo ni mapambo tu. Sikubaliani nao. Ntemi ndiye aliyebeba mvua na mavuno ya nchi yake. Mvua ikikataa, watu walimtazama yeye. Kuweka mkate wa Ekaristi juu ya kiti chake ni kutamka jambo zito, na mzee asiyejua kusoma alilielewa palepale mlangoni.

Baada ya uhuru serikali ilifuta utawala wa machifu, na vitu vya utemi vikawa hatarini kupotea. Ngoma na viti vya watemi vikapata hifadhi Bujora, ambako makumbusho yalianzishwa mwaka 1968. Humo imo pia nyumba ya wahunzi, Balongo. Tukitaja Geita leo tunafikiria dhahabu, lakini zamani Balongo wa upande ule walisifika kwa chuma: waliyeyusha mawe wakafua majembe yaliyolima mashamba ya Usukuma na kulipiwa mahari.

Na ngoma ikarudishwa uwanjani. Kila Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, Bujora hufanya Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua. Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyotokana na waganga wawili washindani wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kuvuta watu. Mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa.

Majina ya mapadre yameandikwa vitabuni. Ya waliochonga, waliobeba mawe na waliomfundisha Fumbuka mila yamebaki vinywani mwa wazee wachache. Kama babu yako ni mmoja wao, nenda kamuulize mwaka huu, na uandike anachokuambia.