Hapa Tuko Wapi? Historia Fupi ya Ufunguzi wa Riwaya ya Kinjozi ya Kiswahili

Katika semina moja ya uzamili, mwanafunzi aliifunga Nagona ya Euphrase Kezilahabi baada ya kurasa chache, akauliza: "Mwalimu, hapa tuko wapi?" Wenzake walicheka. Hata hivyo, swali lake ndilo swali la kwanza ambalo kila riwaya ya kinjozi, yaani riwaya inayobuni ulimwengu usiokuwapo, haina budi kukabiliana nalo. Makala haya yananuia kulichunguza kihistoria. Dai letu ni kwamba ufunguzi wa riwaya ya aina hii haumnasi msomaji kwa wingi wa maajabu yake, bali kwa namna unavyomwomba idhini ya kuyasimulia.

Katika fasihi simulizi idhini hiyo hutolewa waziwazi. Mtambaji huita "Paukwa!" na hadhira huitika "Pakawa!" Mwitiko huu si pambo tu. Kwa kuitika, hadhira inakubali kwamba sungura atanena na zimwi atameza kijiji kizima, na kwamba hakuna atakayedai ushahidi. Mwitiko ukiwa hafifu, mtambaji aweza kurudia mwito wake. Mwandishi wa riwaya hana fursa hiyo. Msomaji wake yu peke yake, na kimya chake hakifiki kwa mwandishi. Kwa hiyo aya za mwanzo hubeba kazi mbili: kuita, na kumpa msomaji sababu ya kuitika.

Shaaban Robert alilitatua tatizo hili kwa ustadi katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951. Nchi yake ielea angani. Hata hivyo, hatupokei habari hiyo kwa sauti ya mshangao. Tunaelezwa mahali ilipo na mipaka yake, isipokuwa kwamba majirani zake ni pepo. Huo ni mtindo wa somo la jiografia. Msomaji wa Tanganyika ya wakati ule, aliyefunzwa shuleni kuitambua nchi kwa mipaka yake, aliujua mtindo huo na aliuamini. Jina lenyewe la nchi lamtaka asadiki. Akishaikubali ramani, amekwisha kuikubali pia mahakama inayofuata, ambamo Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Mwandishi aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni asingeweza kuisimamisha mahakama kama hiyo Tanga au Dar es Salaam. Angani aliweza. Ufunguzi, basi, ulikuwa pia kinga.

Yawezekana kupinga kwamba mbinu hii ni ya kuazima, kwa kuwa tafsiri za Kiswahili za Alfu Lela Ulela na Safari za Gulliver zilikuwa zimekwisha kutoka kabla ya Kusadikika. Hatukatai kwamba bahari hiyo ya hadithi ilikuwapo. Tunachosisitiza ni kwamba ujuzi wa Shaaban Robert umo katika kuchagua sauti ambayo msomaji wake mwenyewe aliiamini. Safari ya kwenda nchi ngeni yaweza kuazimwa, bali imani ya msomaji haiazimwi.

Baada ya uhuru, uhalisia ulitawala. Kezilahabi mwenyewe aliandika Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), kazi ambazo msomaji hana haja ya kuuliza yuko wapi. Kisha zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991), na ramani ikatoweka. Katika Nagona tunakutana na nafsi ya kwanza isiyojitambulisha kwa jina, katika safari ambayo shabaha yake haielezwi, na katika mazingira yaliyogubikwa na kimya. Hapana mipaka, hapana sauti ya mwalimu. Wahakiki wengine wameuona mwanzo huu kuwa ni kumtupa msomaji. Sisi tunauona kuwa ni uaminifu. Gamba la Nyoka lilikuwa limekwisha kuusaili utekelezaji wa sera ya Ujamaa. Mwandishi aliyepita njia hiyo hakuwa tena na sauti rasmi ya kuazima bila kuitilia shaka. Ombi la idhini limegeuka: msomaji haombwi asadiki, anaombwa akubali kutojua pamoja na msimulizi.

Katama Mkangi, Mkenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alishika njia ya tatu katika Walenisi (1995). Dzombo amehukumiwa kifo, na adhabu yake ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Chombo ni cha bunilizi ya kisayansi, lakini hukumu msomaji wa Kenya hakuhitaji kubuniwa. Mkangi anaanza na dhuluma inayojulikana, kisha anaipanda njozi juu yake. Mtu aliyekwisha kuiamini hukumu hataacha kukiamini chombo. Tena, safari iliyokusudiwa kuwa kifo ndiyo inayomfikisha Dzombo kwenye jamii ya usawa.

Tukizitazama kazi hizi tatu kwa mfuatano, tunaona kwamba kila mwandishi alijiuliza msomaji wake anaamini nini, ndipo akaanzia hapo: Shaaban Robert kwenye somo la shule, Kezilahabi kwenye shaka, Mkangi kwenye uonevu wa dola. Kwa hiyo si haki kumpima Kezilahabi kwa kipimo cha Kusadikika na kumwona ameshindwa, wala si haki kuzifundisha kazi za miaka ya 1990 kama kwamba hazina asili ndani ya Kiswahili. Mwalimu anayefanya hivyo humnyima mwanafunzi nafasi ya kuitika.

Na yule mwanafunzi? Sikumjibu siku ile. Leo ningemwomba aisome Walenisi, kisha alitenganishe jina la mahali hapo: wale ni sisi. Alikuwa ameuliza tuko wapi, na jibu liko katika jina hilo. Tumefika ugenini, na wenyeji tunaowakuta huko ni sisi wenyewe.