Picha na Mawe ya Kale

Desturi ya kupiga picha magofu ya kale ina umri karibu sawa na ufundi wenyewe wa picha. Mwaka 1839 ufundi wa Louis Daguerre, wa kunasa sura ya vitu juu ya bamba la madini, ulitangazwa mjini Paris. Miaka mitatu baadaye, Mfaransa mmoja aitwaye Joseph-Philibert Girault de Prangey alifunga safari na shehena ya vyombo vizito. Alipita Roma, akaenda Ugiriki, Misri na Shamu, akipiga picha nguzo, malango na mahekalu yaliyojengwa na watu wa zamani, yakiwamo mahekalu makubwa ya Warumi huko Baalbek. Alipofariki mwaka 1892 mamia ya mabamba hayo yalikuwa nyumbani kwake, yamepangwa katika masanduku na kuandikwa majina ya mahali. Watu walikuja kuyatambua thamani yake miaka mingi baada ya kifo chake.

Kisa hicho kina mafunzo mawili ambayo nakuomba, msomaji, uyaweke akilini. La kwanza ni kwamba mtu huyo hakupiga picha ili ajionyeshe kuwa alifika. Alikuwa mtaalamu wa majengo, na alitaka kuhifadhi umbo la kila kitu kama kilivyokuwa siku ile. La pili ni kwamba picha zake zilifaa baadaye kwa sababu aliziandika. Picha isiyo na jina la mahali wala tarehe ni kama barua isiyo na anwani.

Pengine wewe ambaye kwenu ni Migori au Homa Bay wasema moyoni, "Hayo ni mambo ya Warumi. Kwetu sisi kuna nini cha kale cha kupigwa picha?" Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe limejengwa kwa mawe.

Upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Migori, kiasi cha kilomita 46, kuna mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Kwa Kidholuo thim ni pori, na lich ni jambo la kutisha. Ohinga ni boma la mawe la kujikinga. Basi jina hilo lamaanisha boma la mawe lililo katika pori la kutisha. Hapo pana maboma makubwa manne, nayo ni Kochieng', Kakuku, Koketch na Koluoch. Wataalamu wanakadiria kwamba ujenzi wake ulianza katika karne ya 16. Jamii zilizosema lugha mbalimbali zilikaa humo kwa zamu, Wabantu kwanza na Wajaluo baadaye, na kila waliokuja walizikarabati kuta walizozikuta. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watu walihama, wakajenga miji yao nje na kuizungushia ua wa minyaa.

Kuta hizo zina kimo cha mita 1.5 mpaka mita 4.5, na unene wa mita moja mpaka mita tatu. Ndani yake mna alama za nyumba, mazizi ya ng'ombe, na mahali palipofuliwa chuma. Malango ni mafupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu bapa. Mtu mzima hawezi kuingia bila kuinama. Fikiri faida yake: adui aingiaye ameinama, hana nafasi ya kuinua mkuki, na kichwa chake chatangulia mbele ya wenye nyumba. Simba na fisi nao walizuiwa nje, na ng'ombe, ambao ndio waliokuwa utajiri wa watu, wakalala salama.

Lakini ajabu kubwa ya Thimlich ni kwamba katika kuta zote hizo hamna chokaa wala udongo wa kuunganishia. Warumi walikuwa na saruji yao, waliyoitengeneza kwa chokaa na majivu ya volkano. Kwa saruji hiyo walijenga kuba la hekalu la Pantheon, ambalo lingali limesimama Roma hata leo. Wajenzi wa Thimlich hawakuwa na kitu hicho, na mawe yao hayakuchongwa. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa kulichagua jiwe. Walijenga uso wa nje na uso wa ndani kwa mawe makubwa, na katikati wakajaza mawe madogo ya kushikanisha pande zote mbili. Mahali palipohitaji nguvu zaidi waliongeza mhimili wa mawe kuegemeza ukuta. Kila jiwe limekaa kwa uzito wake na kwa jirani zake. Ukiliondoa moja, umewanyima wenzake pumziko.

Hapo ndipo kazi ya kamera inapoanza. Anayepiga picha hekalu la Kirumi aweza kusimama mbali, akanasa nguzo na anga, na kila mtu akatambua uzuri wake. Ukuta wa Thimlich ukipigwa kwa haraka kutoka mbali huonekana kama chungu ya mawe tu. Ili uzuri wake na akili yake vionekane, huna budi kufuata kanuni chache.

Kwanza, chagua saa. Migori na Homa Bay ziko karibu sana na ikweta, na jua la saa 6 mchana huwa juu ya utosi. Halitupi kivuli, na mawe yote huonekana bapa. Piga picha kabla ya saa 3 asubuhi, au baada ya saa 10 alasiri, jua linapokuja kwa ubavu. Ndipo kila jiwe litatoa kivuli chake, na utaona jinsi moja lilivyokalia jingine.

Pili, weka kipimo. Chukua fimbo iliyonyooka, uitie alama kila baada ya sentimita 10, kisha uisimamishe mbele ya ukuta bila kuuegemeza. Asiyefika pale atajua kimo cha ukuta kwa kutazama picha yako.

Tatu, anza na boma zima, kisha upande mmoja, kisha lango, kisha maungo ya mawe yenyewe. Picha moja husema kwamba kitu kipo. Picha nyingi zilizopangwa hueleza namna kilivyojengwa.

Nne, andika siku ile ile: jina la mahali, jina la boma, upande wa dira uliokuwa ukitazama, tarehe na saa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kama unatumia simu ya mkononi, usiiachie simu kazi hiyo, kwani simu huharibika na huibiwa.

Tano, uwe na adabu. Omba ruhusa kwa mlinzi, na kama boma limo katika shamba la mtu, piga hodi kwa mwenyewe kwanza. Usipande juu ya ukuta kutafuta picha nzuri. Ukifika Mfangano, kisiwa cha Homa Bay chenye michoro ya kale ya miduara myekundu na myeupe kwenye mapango, usimwage maji wala kupaka chaki ili michoro ionekane zaidi. Anayefanya hivyo hupata picha moja na kuharibu maelfu ambayo wengine wangepiga baada yake.

Huenda ukauliza kwa nini tujitaabishe hivyo kwa ajili ya mawe. Nitakujibu kwa visa viwili vya kweli.

Cha kwanza ni cha Zimbabwe Kuu, ambayo kuta zake pia zilijengwa bila chokaa, na moja yake hufikia kiasi cha mita 11. Wazungu wengi wa wakati wa ukoloni walishikilia kwamba Waafrika hawangeweza kujenga kitu kama hicho. Walisema ni kazi ya Wafoinike, au ya Malkia wa Sheba. Mwaka 1929 mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikwenda kuchimba pale, na mpiga picha wa msafara wake alikuwa msichana wa miaka 23, Kathleen Kenyon, ambaye baadaye alisifika ulimwenguni kwa uchimbaji wa Yeriko. Vitu vilivyopatikana chini ya kuta vilionyesha kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Sasa, kuchimba ni kubomoa: udongo uliokwisha kuondolewa haurudi tena kama ulivyokuwa. Kwa hiyo picha na michoro iliyofanywa siku ya kuchimba ndiyo hubaki kutoa ushahidi kwa wasiokuwapo. Watu walionyimwa sifa ya kazi ya mikono yao huhitaji ushahidi kuliko watu wengine.

Kisa cha pili ni cha Palmyra, mji wa jangwa la Shamu uliostawi chini ya dola ya Roma. Hekalu lake la Bel liliwekwa wakfu mwaka 32, na lilidumu karibu miaka 2,000. Mwaka 1864 afisa wa Kifaransa, Louis Vignes, alilipiga picha. Mnamo Agosti 2015 wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu walilitegea baruti wakalibomoa. Picha haikuweza kulizuia tendo hilo, lakini kwa sababu ya picha hizo na za waliofuata, tunajua kila nguzo ilisimama wapi.

Wala usidhani kwamba ni lazima baruti ilipuke ndipo kitu kipotee. Thimlich Ohinga yenyewe imepata watetezi. Mwaka 2000 iliwekwa katika orodha ya World Monuments Fund ya mahali pa kale palipo hatarini, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaitunza, na mwaka 2018 UNESCO iliitangaza kuwa Urithi wa Dunia. Lakini Thimlich haiko peke yake. Watafiti, akiwamo mwanaakiolojia Isaya Onjala, wameorodhesha zaidi ya majengo 500 ya mawe ya namna hii katika nchi hii iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria. Mengi hayana mlinzi, wala kibao, wala mgeni. Mizizi ya miti hupenya katikati ya mawe, ng'ombe hujikuna ukutani, na mwenye haja ya msingi wa nyumba huyaona mawe yaliyokwisha kukusanywa, akayachukua. Si mwovu, hakuna aliyemwambia ni mawe gani.

Basi hii ndiyo kazi ninayokupa wewe na wenzako wa darasa. Waulizeni wazee wa kijiji chenu iko wapi ohinga iliyo karibu, na ni nani waliokaa humo. Nendeni mkaipige picha kwa kanuni nilizozitaja. Kisha rudini mwaka ujao katika mwezi ule ule, msimame mahali pale pale, mpige tena, na mziweke picha hizo mbili sambamba. Macho yanayopita kila siku hayaoni ukuta unavyofutuka kidogo kidogo. Picha mbili zitaonyesha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ufa hauzibwi na mtu ambaye hakuuona. Mkiona mabadiliko, mpelekeeni mwalimu wenu na ofisi ya Makumbusho nakala, pamoja na tarehe zake.

Warumi wamekwisha kupigwa picha na maelfu ya watu kutoka kila nchi, na lango lao moja likianguka leo, vitabu vingi vitaeleza lilivyokuwa. Ohinga iliyo nyuma ya shamba la jirani yenu yaweza kuwa haijapigwa picha hata moja tangu dunia iumbwe. Ikianguka kabla hamjafika, waliolijenga boma hilo hawatakuwa na shahidi. Chukua kamera, chukua fimbo na daftari, uende asubuhi jua likiwa bado chini.