Kutoka Silabi hadi Sentensi: Ufundishaji wa Kusoma na Sarufi ya Kiingereza kwa Watoto wa Madarasa ya Chini, Tanganyika na Kenya, 1924–1984

Historia ya Kiingereza katika shule za msingi za Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kama historia ya sera. Mtafiti anayeipitia hukutana na tume, ripoti na matamko, na katika kila hatua swali linaloulizwa ni lilelile: Kiingereza kianze darasa la ngapi? Makala hii inauliza swali jingine, ambalo katika maandishi mengi limepewa aya moja au mbili tu. Mtoto wa miaka minane au tisa, aliyekwisha kujua kusoma Kiswahili, alifikishwaje kwenye kuisoma sentensi ya Kiingereza na kuielewa? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mbinu iliyomfanikisha mtoto katika Kiswahili ilihamishiwa kwenye Kiingereza bila kuchunguzwa, na kwamba mabishano kuhusu darasa la kuanzia yalisaidia kulificha kosa hilo kwa muda mrefu.

Inafaa kuanzia mwaka 1924, wakati Tume ya Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, ilipozitembelea nchi za Afrika Mashariki, James Aggrey wa Gold Coast akiwa miongoni mwa wajumbe wake. Ripoti yake ya 1925 ilipendekeza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini na lugha ya Ulaya ije baadaye. Tanganyika haikuhitaji kushawishiwa sana. Utawala wa Wajerumani ulikuwa umekwisha kuzijenga shule zake za serikali juu ya Kiswahili, kuanzia Tanga, na Waingereza waliurithi utaratibu huo pamoja na walimu wake. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ilianzisha gazeti la Mambo Leo, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Kiswahili iliyohusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kamati hiyo iliisanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja na kuvipitia vitabu vya shule kabla ya kuchapishwa.

Wanaisimu wameijadili sana kazi ya Kamati hiyo kuhusu msamiati na lahaja. Jambo lililogusiwa kidogo ni kile ambacho othografia sanifu ilimfanyia mwalimu wa darasa la kwanza. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina herufi yake. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Mwalimu aliyeandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, kisha akaendelea na konsonanti inayofuata, alikuwa anampa mtoto ufunguo wa karibu maandishi yote ya lugha hiyo. Mtoto akishazijua silabi aliweza kutamka neno asilowahi kuliona, na kwa kuwa alilijua kwa sikio, maana ilikuja yenyewe. Kutamka na kuelewa vilikuwa tendo moja. Sidhani kwamba tumeithamini vya kutosha nguvu ya mbinu hii. Ilimwezesha mwalimu mwenye mafunzo mafupi, ubao mmoja na darasa lililojaa kuwafikisha watoto kwenye kusoma.

Ulipofika wakati wa Kiingereza, mwalimu aliyesimama mbele ya watoto alikuwa mara nyingi ni yuleyule, na alikuwa na mbinu ileile mkononi. Lakini Kiingereza kinachofundishwa kwa mapokeo ya Uingereza kina irabu takribani 20, ukizihesabu na zile unganifu, nacho huziandika kwa herufi zilezile tano. Zaidi ya hapo, yako maneno ambayo kwa tahajia ni maneno halali ya lugha zote mbili: "pole", "mate", "wake", "pale". Mtoto aliyefundishwa vizuri kusoma Kiswahili huyasoma bila kusita, na hukosea kwa sababu amefundishwa vizuri. Nilipokuwa nikifundisha darasa la tatu katika shule moja ya kijijini, mwanafunzi mmoja alisoma kwa sauti sentensi "The man has a pole", kisha akaniuliza yule bwana amepatwa na nini. Darasa zima lilicheka. Mimi nilimsahihisha matamshi tukaendelea na sentensi iliyofuata, na ilinichukua miaka kutambua kwamba mtoto yule ndiye pekee siku hiyo aliyekuwa akitafuta maana katika alichokisoma.

Inaweza kupingwa kwamba kujua kusoma Kiswahili kwanza humsaidia mtoto katika lugha ya pili, na pingamizi hilo lina ukweli. Mtoto huyo anajua tayari kwamba alama huwakilisha sauti, kwamba mstari huanzia kushoto, kwamba nafasi nyeupe hutenga maneno. Wataalamu waliokutana Paris mwaka 1951 kwa wito wa UNESCO, ambao maoni yao yalichapishwa mwaka 1953, walikuwa na sababu nzuri za kuitetea lugha ya kwanza ya mtoto kama lugha ya kuanzia shule. Kasoro ninayoizungumzia haimo katika kutanguliza Kiswahili. Imo katika kuvuka: hapakuwa na somo la kumwambia mtoto, kwa lugha aielewayo, kwamba sasa herufi zimebadili tabia.

Kwa upande wa sarufi, tatizo lilichukua sura nyingine. Katika "anasoma" nafsi, njeo na mzizi vimo ndani ya neno moja; katika "he is reading" vimetawanywa katika maneno matatu, na neno la katikati halina kitu ambacho mtoto anaweza kukionyesha kwa kidole. Kulidondosha ni jambo la kutarajiwa. Kiswahili hakitofautishi "he" na "she", wala hakina vile vineno "a" na "the" vinavyotangulia nomino. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kikwazo kilichosahauliwa zaidi ni mahali pa wingi. Kiswahili huuonyesha wingi mwanzoni mwa neno: kitabu, vitabu. Jicho la mtoto limezoea kutazama huko. Kiingereza huuweka mwishoni, kwa herufi moja ndogo, nayo ikarukwa katika kusoma hurukwa na katika kuandika. Mwalimu huandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba mwanafunzi ni mzembe, ilhali mwanafunzi anaifuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu mkubwa.

Tasnia ya kufundisha Kiingereza ugenini ilikuwa na majibu yake, nayo hayakutokana na Afrika. Harold Palmer alichapisha majedwali 100 ya sentensi za kubadilishia maneno mwaka 1916. Michael West, akiwa Dhaka katika Bengal, alihitimisha kwamba mtoto wa koloni anahitaji kusoma kuliko kuzungumza, akatunga vitabu vilivyoingiza maneno mapya machache kwa wakati na kuyarudia. Vitabu vyake vya New Method vilienea katika makoloni mengi ya Uingereza. Mkutano wa New York wa 1934, uliofadhiliwa na Carnegie, uliwakutanisha yeye, Palmer na Lawrence Faucett juu ya uteuzi wa msamiati, na orodha ya West yenye maneno ya msingi takribani 2,000 ilitoka mwaka 1953.

Mbinu hizi mbili hazikupata bahati sawa darasani. Ya West ilidai kila mtoto awe na kitabu chake na asome kimyakimya akitafuta majibu. Kitabu kimoja kinaposhikwa na watoto watatu au wanne, kusoma kimyakimya hugeuka kusikiliza. Jedwali la Palmer lilihitaji ubao tu, na lilioana vizuri na uimbaji wa silabi uliokwisha kuzoeleka. Watoto waliweza kutoa kwa pamoja sentensi nyingi zisizo na kosa bila yeyote kujua maana yake, na mkaguzi aliyepita dirishani alisikia Kiingereza safi. Mchanganyiko huu wa silabi na jedwali, ambao hakuna tume iliyoupendekeza, ndio ninaouona kuwa umbo halisi la somo la Kiingereza katika madarasa ya chini, lolote lililoandikwa katika muhtasari.

Kenya ilijaribu njia tofauti kabisa. Mwaka 1957 lilianzishwa Nairobi darasa la majaribio la watoto wa Kiasia, ambao nyumbani walizungumza lugha mbalimbali, wakafundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Kituo Maalumu cha Nairobi kikaukuza utaratibu huo, uliojulikana kama Mkabala Mpya wa Msingi: picha, kadi, shughuli za vikundi, masimulizi. Mtego wa silabi uliepukwa kwa kuwa mtoto hakukutana kwanza na silabi za Kiswahili. Ila kilichofaa darasa dogo lenye mwalimu aliyeandaliwa na kutembelewa mara kwa mara kilikuwa kitu kingine kilipopelekwa nchi nzima. Tume ya Ominde iliunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza mwaka 1964, wazazi wakakidai, na idadi ya madarasa ikaipita kasi ya kuandaa walimu. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza kurudia lugha ya eneo la shule katika miaka mitatu ya mwanzo. Mabishano yakarejea kwenye "lini".

Tanzania ilielekea upande wa pili. Mwaka 1967, baada ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi, na Kiingereza kikabaki somo. Uamuzi huo naukubali, na matunda yake katika usomaji wa Kiswahili yanajulikana. Lakini shule ya sekondari iliachwa katika Kiingereza. Katika shule za kati za zamani, somo la Kiingereza lilitegemezwa na masomo mengine yaliyofundishwa kwa lugha hiyo katika madarasa ya juu. Kasoro za mwanzo zilipata muda wa kurekebishwa kwa matumizi. Baada ya 1967 egemeo hilo liliondoka, na somo likatakiwa kufikisha mzigo uleule peke yake. Azimio la Musoma la 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa kuwa walimu kwa masomo ya posta, redio na usimamizi vijijini. Walikuwa wamejifunza Kiingereza kwa silabi na jedwali, nao walikirithisha kwa silabi na jedwali.

Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea. Mradi uliofuata kwa fedha za Uingereza ulileta vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu, wazo ambalo West angelitambua mara moja. Vitabu hivyo vilipelekwa sekondari. Darasa la tatu, ambako mtoto alikutana na "pole" kwa mara ya kwanza, halikuwamo katika mpango.